Aliyeonyesha Nyumba

Wenzangu wa idara ya Kiswahili wameniomba niandike kumbukumbu za kazi kabla sijasahau. Wanasema vijana walioajiriwa juzi watafaidika. Sina hakika. Mwalimu aliyeajiriwa juzi anataka kujua nyumba ya kupanga iko wapi na chai ya saa nne ina maziwa au haina. Hata hivyo nimekubali, kwa sharti kwamba sitaandika habari za vyeo wala mishahara. Nitaeleza jinsi nilivyofundishwa kusoma hadithi, halafu nieleze hadithi moja iliyonichosha kuliko zote nilizowahi kufundisha.

Nilianzia shule moja ya kutwa karibu na Isebania. Mimi ni mtoto wa Homa Bay, nililelewa kwa Dholuo, na Kiswahili changu nilikipata shuleni, kikiwa kimepigwa pasi na kukunjwa. Wanafunzi wangu walikuwa Wakuria waliovuka mpaka kwenda Sirare, Tanzania, kila siku ya soko, na Kiswahili chao kilikuwa na damu ndani yake. Siku ya kwanza nilisema sentensi mbili, msichana wa mbele akainua mkono akanisahihisha, kwa adabu kabisa. Nilimshukuru. Kisha nikageuka kuandika ubaoni ili wasione uso wangu.

Mkuu wa idara alikuwa Mwalimu Chacha, mtu mwembamba, mwenye kamusi isiyo na jalada. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimekwisha kung'oka, kwa hiyo maneno yote ya A tuliyakisia. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Hakuruhusu mtu aseme neno lolote kuhusu hadithi kabla haijasomwa kwa sauti mara mbili, tena na wanafunzi, si mwalimu. Na darasa lilipomchukia mhusika fulani, hakuwakataza. Aliwauliza tu, "Huyu asubuhi amekula nini?" Walicheka mwanzoni. Halafu walianza kutafuta: ana mke au hana, chakula kinatoka wapi, nani anampikia. Baada ya dakika chache yule mhusika alikuwa mtu, na kumhukumu kulikuwa kazi ngumu zaidi. Mwalimu Chacha alisema kazi ikiwa rahisi basi hujaianza. Alistaafu akarudi kwake kulima mahindi, na mimi nikapata uhamisho.

Shule niliyohamia iko kando ya barabara ya Homa Bay, si mbali na Rangwe, nyuma ya soko dogo. Ni shule ya wasichana. Nilikaa hapo hadi kustaafu.

Vitabu teule huja na kuondoka. Wizara hubadilisha, wachapishaji hufurahi, wazazi hulalamika, nasi tunaanza upya. Miaka ya mwisho ya kazi yangu tuliletewa diwani ya hadithi fupi, na ndani yake kulikuwa na hadithi isiyofika kurasa nne. Ni habari ya vita katika nchi isiyotajwa jina. Askari wanaingia kijijini mchana, wanamtafuta mwuguzi aliyewatibu wapiganaji wa upande wa pili. Wanamkuta fundi wa baiskeli akirekebisha gurudumu mbele ya kibanda chake. Wanamwuliza nyumba ya mwuguzi iko wapi. Anawaonyesha. Wanakwenda, bunduki zinalia. Wakirudi, mmoja anaomba maji, fundi anampa. Askari wanaondoka, fundi anaendelea na gurudumu lake. Hadithi inaishia hapo.

Kabla hata hatujaisoma, miongozo ilishafika madukani. Mnaijua miongozo. Kijitabu chembamba kinachomweleza mtoto afikiri nini ili asipoteze muda kufikiri. Mwongozo wa hadithi ile ulisema maudhui ni ukatili wa askari, athari za vita, na usaliti. Kuhusu fundi ulikuwa na mstari mmoja: ni mhusika mwoga na msaliti. Kwa hiyo wanafunzi wangu wote waliandika "kikulacho ki nguoni mwako," wakapiga mstari chini yake kwa rula, wakaridhika. Nimeusoma msemo huo katika insha mpaka nikianza kuvua nguo jioni naukumbuka.

Niliwauliza fundi alikula nini asubuhi. Darasa likagawanyika. Wengine walisema hana hatia, bunduki ilikuwa kifuani mwake. Mmoja akanyanyuka akasema kitabu hakijasema bunduki ilikuwa kifuani mwake, kimesema waliuliza tu. Tukarudi kusoma. Kweli, waliuliza tu. Mwingine akasema, "Madam, lakini si angesema hajui?" Na mwingine, ambaye mama yake huuza omena, dagaa wa ziwani, akajibu kwamba ukisema hujui nyumba ya jirani yako unayemwona kila siku, askari atajua unadanganya, na utakufa wewe na yeye. "Sasa hapo umesaidia nani?" Ulikuwa mjadala mzuri. Nilitoka darasani nimefurahi, jambo ambalo wakati ule lilikuwa nadra.

Mwaka huo nilikwenda kusahihisha mtihani wa kitaifa. Ukumbi mzima wa walimu, kalamu nyekundu, na marundo ya karatasi yasiyopungua. Nilikutana na mtahiniwa, sijui wa wapi, aliyeandika kwamba kijiji kizima kilimwua mwuguzi, kwa sababu askari walipopita kila mtu alifunga dirisha, na fundi alikuwa yule tu asiyekuwa na dirisha la kufunga. Nilisoma mara mbili. Nikampelekea kiongozi wa kikundi. Akaitazama kwa uchovu uleule niliokuwa nao mimi, akasema hoja hiyo haimo kwenye mwongozo wa kusahihisha. Nikabishana naye mpaka chai ikapoa. Mtoto yule hakupata alama hiyo. Vijana, mtakwenda huko nanyi. Bebeni chupa ya chai na msitegemee haki.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nikubali kuandika.

Shule zetu huwa na kongamano la fasihi. Kila shule huigiza hadithi moja kutoka kitabu teule mbele ya wenzake, kwa sababu mtoto akiona kwa macho hasahau. Mwaka mmoja kabla ya kustaafu tulipangiwa hadithi ya fundi wa baiskeli. Niliwaita kidato cha tatu tugawane majukumu. Askari walijaa mara moja, ilibidi niwapunguze. Kila msichana alitaka kuwa askari, kuvaa buti za kaka yake na kupiga kelele. Mwuguzi alipatikana. Wanakijiji walipatikana. Fundi hakupatikana.

Nilidhani ni kwa sababu ni mwanamume. Lakini askari nao walikuwa wanaume. Nikawauliza tatizo ni nini. Wakatazamana. Mwishowe mmoja akasema, "Madam, huyo ukimcheza, jina litakushika mpaka umalize shule." Watoto wale walikuwa tayari kuwa wauaji mbele ya shule nzima, bila aibu, ila hakuna aliyetaka kuwa jirani aliyeonyesha nyumba. Nilisimama pale na orodha yangu mkononi nikiwa nimechoka, nikaona kwamba wameielewa hadithi kuliko mwongozo na kuliko mimi.

Ndipo Awuor akasema, akiwa ameketi nyuma, "Nitacheza mimi. Wananiita hivyo tayari."

Vichwa vyote vikageuka nyuma. Nilijua anachosema, maana sokoni hakuna siri.

Miaka mingi nyuma, kabla sijahamia pale, uchaguzi mmoja ulileta fujo. Vijana waliingia sokoni wakitafuta maduka ya watu waliowaita wageni. Mmoja wa wageni hao alikuwa Mzee Salim, mwuza vitambaa, aliyekaa sokoni hapo hadi watoto wake wakawa wanagombana kwa Dholuo. Walichoma duka lake, yeye akakimbia. Baadaye wakamkuta amejificha ndani ya banda la seremala, ng'ambo ya barabara, wakampiga. Alifia hospitalini baada ya wiki kadhaa. Mjane wake, Mama Salma, aliondoka na watoto. Kisha alirudi, akafungua duka tena palepale. Watu walishangaa, yeye hakueleza.

Seremala yule ni baba yake Awuor. Awuor wakati huo alikuwa bado anabebwa mgongoni. Soko lilisema seremala ndiye aliyewaonyesha vijana alipo Mzee Salim. Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Yeye alikana daima, kwa maneno yaleyale: hakuinua hata mkono. Alisema hivyo kwa polisi, akasema kanisani, akamwambia na binti yake. Hakuongeza neno. Wateja walipungua, wengine wakarudi kwa sababu vitanda vyake havilegei, lakini nyumba ile haikutembelewa.

Nilimwita Awuor kando. Nilimwambia halazimiki, naweza kuomba hadithi nyingine. Akatikisa kichwa. Akaniambia kwamba baba yake humwambia sentensi ile moja na kunyamaza, naye amelala na sentensi hiyo tangu utoto. Akaniuliza, "Madam, mtu akionyesha tu, yeye ni muuaji?" Nilikuwa nimefundisha swali hilo miaka mitatu, na kulisahihisha, na kuligombania. Nikamwambia sijui. Alionekana kuridhika kuliko angeridhika na jibu. Alitaka tu baba yake aje siku ya wazazi, tutakapoigiza kwanza shuleni kwetu, aone. Labda akiona atazungumza. Hilo ndilo alilokuwa akilitafuta. Mambo ya jukwaa hayakumshughulisha.

Niliogopa. Nasema wazi. Nilikuwa karibu kustaafu, nataka kuondoka kwa amani, na hapa mtoto ananiletea moto kwenye kanga. Lakini nilifikiri pia kwamba nimewaambia watoto miaka yote fasihi ni kioo cha jamii, na sasa mmoja ameamini.

Tulifanya mazoezi baada ya vipindi. Awuor aligeuza baiskeli kichwa chini, akazungusha gurudumu, akaulizwa, akanyoosha mkono. Haikufaa. Mkono wake ulikuwa mgumu, kama askari wa trafiki. Tukajaribu kidole, ikawa mbaya zaidi. Mikono yake imeshika spana na gurudumu, ilibidi aviache kwanza, na kila mtu angejua anafanya maigizo. Nikachoka. Nikamwambia aachane na kitabu. "Mimi ni mgeni, nimekuuliza kwenu ni wapi. Nionyeshe." Hakuacha gurudumu. Hakuinua kichwa sawasawa. Alichongoa midomo tu, akaielekeza upande wa dirisha, vile sote tunavyofanya huku kwetu tukiwa na kazi mikononi, akaendelea kuzungusha. Wale askari wa kuigiza wakageuka kutazama dirishani bila kuambiwa. Nikasema hapo hapo, tusiguse tena.

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa. Baba Awuor alikuja, amevaa koti, akaketi safu ya pili karibu na ukuta. Viti viwili kushoto kwake vilibaki wazi. Mama Salma hakuwepo, hana tena mtoto shuleni. Wasichana waliingia na buti zao wakipiga kelele, wazazi wakafurahi. Askari mkubwa akauliza nyumba ya mwuguzi iko wapi. Awuor akachongoa midomo.

Ukumbi ulicheka. Walicheka kwa sababu walijiona. Hakuna aliyekuwamo mle ambaye hajaonyesha njia hivyo tangu akiwa mtoto. Kisha nyuma ya pazia wasichana wakagonga mbao, ndizo zilizokuwa bunduki zetu, na kicheko kikakatika. Kulikuwa na ukimya ambao sijawahi kuupata kwa kupiga meza. Awuor akampa askari maji. Akazungusha gurudumu mpaka pazia likafungwa.

Nilitoka nje kupata hewa. Baba Awuor alinifuata hadi kando ya chumba cha walimu. Ni mtu mkubwa wa mabega, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Japuonj," aliniita, yaani mwalimu, "nani aliwaambia?"

Nikamwuliza kutuambia nini.

"Hiyo ya mdomo. Watu wote husema mimi nilinyosha mkono. Mimi nilikataa, maana sikunyosha. Nilikuwa nimeshika randa na mikono yote miwili. Nani aliwaona, mkajua ni mdomo?"

Nilitaka kumwambia hakuna aliyetuambia, kwamba ni mtoto tu aliyefanya kama watu wafanyavyo, lakini nilimwona Awuor. Alikuwa amesimama nyuma ya baba yake, ameshika ile baiskeli, bado amevaa aproni ya fundi. Amesikia yote. Baba yake akageuka akamwona, na sikumwona akitafuta ile sentensi yake.

Awuor akauliza kwa utulivu, "Alikuwa wapi, baba?"

"Nyuma ya mbao zangu."

"Aliingia hapo aje?"

"Ni mimi nilimwingiza. Alikuja akikimbia, nikamfunika na mbao. Mimi mwenyewe nilimficha. Halafu wakaja, wengi, wakasema, yule mzee ako wapi. Sikuwa nimepanga. Mdomo ulienda wenyewe." Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Ningesema vipi nilimficha? Nikisema nilimficha, wataniuliza, sasa walijua aje yuko hapo?"

Ndiyo maana alinyamazia yote mawili. Mwanamume yule alifanya wema mkubwa na ubaya mkubwa katika asubuhi moja, na hakuweza kutaja mmoja bila kumtoa mwenzake nje. Nilimhurumia mpaka nikakasirika, sijui kwa nani. Nilimkumbuka pia Mzee Salim, ambaye sikuwahi kumjua, amelala chini ya mbao akisikiliza nyayo na kuamini kwamba yuko mahali salama.

Awuor aliegemeza baiskeli ukutani. Hakulia, na hakumgusa baba yake. Alimwuliza kama Mama Salma analijua hilo. Akasema hapana. Awuor akavua aproni, akanipa.

"Basi twende umwambie."

Baba yake akasema kesho. Akasema leo amevaa vibaya, ingawa alikuwa amevaa koti. Akasema mengi. Awuor alisubiri mpaka maneno yakaisha, kisha akatangulia mbele kuelekea langoni, naye akamfuata. Nilibaki na aproni na baiskeli, na wazazi wakitoka ukumbini wakiuliza chakula kinatolewa wapi.

Sikwenda nao, kwa hiyo siwezi kuwaeleza kilichosemwa dukani. Najua tu kwamba siku hiyo Mama Salma alifunga mlango wa mbele kabla ya wakati wake, na Awuor na baba yake wakiwa ndani. Awuor aliendelea na masomo. Kwenye kongamano aliigiza vilevile, na wenzake waliacha lile jina. Sijui kama ni kwa huruma au walipata jingine la kuita mwingine. Mtihani wa kitaifa ulipokuja, swali lilihusu ukatili wa askari. Aliniambia aliandika kuhusu askari, kwa sababu ndicho kilichoulizwa.

Mimi nilikwenda dukani kwa Mama Salma baada ya kustaafu, kununua kitambaa cha pazia. Alipima, akakata, akakunja. Nilikuwa nimelipa tayari na nimefika mlangoni aliponiita.

"Mwalimu. Ile siku ya mchezo wenu."

Nikasimama. Sikuthubutu kumwuliza kama amesamehe, na mpaka leo sijui.

"Aliyemwonyesha nilimjua tangu siku ile ile," alisema. "Nimerudi hapa, nimefungua duka mbele yake, nimemtazama kila asubuhi akifungua banda lake, ili ajue kwamba najua." Akaushika ukingo wa meza. "Lakini mzee wangu alipigwa kichwani, hakuweza kusema tena. Kwa hiyo miaka yote hii sikujua ni nani aliyemficha chini ya zile mbao. Nilikuwa namtafuta mtu huyo nimshukuru."